Niliyoyaandika Juu ya Jeu ya Bunduki

Kwenye kilio cha Mama Kavira, watoto wawili waliokaa chini kando ya kiti changu walikuwa wakibishana juu ya jeu, michezo ya simu. Msichana alishikilia kwamba ile ya kujenga mji inaipita ile ya bunduki. Kaka yake alimcheka, akasema ya kujenga mji ni ya watu wa usingizi. Walibishana kwa sauti ya chini kwa sababu ya msiba, na kwa sababu ya pasta aliyekuwa akipima mikrofoni. Kisha yule msichana akaniinulia macho. Alinijua kutoka redioni, maana kwa miaka mingi nimekuwa na kipindi cha kuzungumzia jeu, mpya na za kale, na kuwaambia vijana wa Goma ipi inafaa na ipi ni kupoteza umeme. Akaniuliza: "Papa, weye unaonaka namna gani? Njo gani inapita ingine?" Siku nyingine ningemjibu mpaka chakula kipoe. Nikamwambia sijui. Faustin, rafiki yangu wa utotoni aliyekaa kiti cha pili kutoka kwangu, aligeuza kichwa akanitazama, kisha akarudi kutazama mbele. Yeye alikuwa mtu wa pekee chini ya turubai lile aliyejua kwa nini jibu langu limekuwa fupi, na kwa nini katika miaka yote ya redio sijawahi kuisifu wala kuiponda jeu ya bunduki hata moja. Wasikilizaji wamekuwa wakiniuliza, nami huwajibu kwamba muda umekwisha, tutaonana juma lijalo.

Mwaka ninaotaka kuueleza ni ule mlima ulipopasuka na lava ikapita katikati ya mji mpaka ziwani. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nangoja mtihani wa serikali ambao hakuna aliyejua utafanyika katika jengo gani. Waasi walikuwa wameshika mji tangu zamani kiasi, tumezoea sura zao kama mtu anavyozoea jino bovu. Salle ya Mama Kavira, ukumbi wake wa jeu pale Birere, iliungua asubuhi moja pamoja na mtaa wake wote. Alikuwa mwanamke wa Butembo, mfanyabiashara, mjane wa sauti nzito. Alikimbilia mpakani akiwa na televisheni kichwani na mashine ya jeu mgongoni, ameifunga kwa kitenge kama mtoto, na watu njiani wakamkemea kwamba ameacha sufuria na magodoro akaokoa michezo. Tuliporudi, kabla jiwe halijapoa vizuri, alikuwa ameshasimamisha nyumba ya mbao juu ya lava ileile. Sakafu haikuwa na saruji. Ilikuwa ni lile jiwe jeusi lenye makali, na kwa majuma kadhaa lilikuwa na joto la chini, la kupendeza, hata tukavua viatu na kukaa kama watu walio karibu na jiko. Nyuma ya ukuta groupe ya umeme ilikohoa mchana kutwa. Pembeni mwa mlango kulikuwa na jiko la makala, yaani makaa, lenye sufuria ya maharagwe, na kikaango cha beignets, maandazi ya kwetu, na harufu ya mafuta ikichanganyika na ile ya kiberiti iliyokuwa bado imekaa mjini. Sijawahi kukaa katika chumba nilichokipenda zaidi ya kile.

Mama Kavira alikuwa na sheria tatu. Anayefungwa anaachia manette, kile kidude cha kuchezea. Askari anayetaka kucheza anaegemeza bunduki yake kwenye gunia la makala, na yeye mwenyewe Mama anailinda huku anageuza beignets. Ya tatu ndiyo iliyokuwa yake hasa. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kutamka jina lake la nyumbani mle ndani. Miaka ile jina lilikuwa linasema kila kitu: ulikotoka, lugha ya mama yako, na upande ambao watu wangekuhesabia hata kama hukuwa na upande. "Humu hakuna Munande, hakuna Muhunde, hakuna Munyarwanda," alikuwa akisema, akipiga kijiko ukingoni mwa kikaango. "Kuko bachezaji tu. Ukiingia, jipatie jina." Basi tukajipa majina. Kulikuwa na Kapita, na Seko, na Monseigneur ambaye alikuwa mwizi wa zamu. Faustin, ambaye familia yake ilitoka Rutshuru, aliitwa Fundi kwa sababu alitengeneza manette zilizokufa kwa msumari aliouchoma kwenye makala. Mimi nilijiita Radi. Ilikuwa sheria nzuri, na ilituepusha na ugomvi mwingi, na sioni haja ya kumlaumu marehemu kwa namna nilivyokuja kuitumia.

Mimi ndiye niliyeleta maoni. Nilikuwa nachana makaratasi magumu ya maboksi ya sabuni, naandika juu yake kwa marker nyeusi, na kuyapigilia ukutani, na chini ya kila moja nikaweka sahihi: Radi. Juu ya jeu ya mpira niliandika kwamba ni nzuri ila inawadekeza wavivu, kwa kuwa mtu akichagua timu ya Brazil amekwisha kushinda kabla ya filimbi. Juu ya ile ya ngumi, kwamba anayebonyeza vitufe vyote kwa pamoja kama anayepepeta maharagwe asijiite mpiganaji. Juu ya ile ya magari, kwamba ni ya watoto wa matajiri wanaojua tayari gari linanukia nini ndani. Kulikuwa na kijeu kidogo cha betri, cha mkononi, ambamo matofali huanguka na wewe unayapanga. Hicho nilikiita kazi ya mafundi waashi isiyo na mshahara. Watu walisoma wakicheka, wengine walikasirika na kutaka nifute, na nilipoingia asubuhi na boksi jipya kwapani walininyamazia kunisubiri. Hakuna kitu kinachomharibu kijana kama kunyamaziwa. Kila juma nilipaswa kusema kitu kikali kuliko cha juma lililopita.

Ile ya bunduki niliiwekea boksi kubwa kuliko yote, katikati ya ukuta. Naikumbuka neno kwa neno, na nimewahi kuiota. "Jeu ya bunduki ndiyo jeu ya mwisho. Mpira ni wa wanaoogopa kugongwa. Anayeogopa damu ya televisheni ataogopa na maisha. Mimi, kama ningepewa bunduki ya kweli, wangenijua. Radi." Niliandika hayo mimi ambaye sikuwahi kushika bunduki, na ambaye kila nilipopita kizuizi cha askari nilikuwa napoteza sauti. Niliyaandika mita mbili kutoka kwenye gunia la makala ambapo bunduki za kweli zilikuwa zimeegemezwa. Leo nikifikiria wazee waliokuja pale kuchaji simu, wengine wao wakiwa wamezika watu, wakasoma vile wakanyamaza, masikio yanapata moto.

Faustin alikuwa rafiki yangu tangu shule ya msingi, na tulikuwa tukila sahani moja. Katika jeu alikuwa na ladha zilizonitia haya mbele ya wenzetu. Kile cha matofali ndicho alichokipenda. Angekaa nacho kwenye kona, magoti juu, bila kusema, mpaka betri zife. "Hii inakufundishaka kungojea," aliniambia. "Tofali baya likikuya, haulikimbie, unalitafutia mahali." Katika ile ya magari alikuwa akiendesha polepole kwa makusudi, akipitwa na wote, ili aone bahari na miti iliyochorwa kando ya njia. Wenzetu walipiga kelele kwamba anaharibu partie, mchezo wa wote. "Nataka tu kuona kwenye barabara inaenda," alisema. Ile ya bunduki hakuigusa, isipokuwa kunitazama mimi nikicheza. Angesimama nyuma yangu, msumari mkononi, akitazama nikifa na kuanza tena, nikifa na kuanza tena. Niliandika boksi dogo juu yake pia: "Fundi anaogopa hata jeu ya matofali ikimwangukia." Akalisoma, akatabasamu, akaendelea kutengeneza manette yangu.

Kulikuwa na komanda mmoja aliyependa kuja mchana. Mfupi, mwenye adabu, sauti yake ingefaa kuongoza sala. Alicheza mpira vibaya sana na alifurahia kufungwa, na Mama Kavira alimwekea beignets za kwanza kutoka kwenye mafuta. Alasiri moja mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba hatukusikia televisheni. Komanda aliachia manette, akasimama, akaanza kutembea kando ya ukuta akisoma maboksi, taratibu, kidole kikifuata maneno. Alicheka kwenye ile ya kupepeta maharagwe. Alipofika katikati alisoma mara mbili. Kisha akasoma kwa sauti, na wakati huo mvua ikawa inapungua, kila mtu akasikia.

"'Kama ningepewa bunduki ya kweli, wangenijua,'" alirudia. "Huyu mutu anafikiriaka muzuri. Siye bunduki tuko nazo. Batu njo tunakosa." Akatugeukia. "Radi njo nani?"

Tulikuwa kama kumi na tano mle ndani, na hakuna aliyejibu. Kwetu hatumnyooshei mtu kidole, ni ukosefu wa heshima. Tunaonyesha kwa kidevu, kidogo tu, na mdomo umefungwa. Faustin alikuwa amekaa sakafuni karibu na makala, ameifungua manette mapajani, anatazama waya. Niliinua kidevu upande wake. Sikufikiri kwanza. Nimejaribu miaka mingi kukumbuka kama nilifikiri, kwa sababu mtu aliyefikiri angalau ana sababu yake. Komanda alifuata kidevu changu mpaka kwa Faustin. Faustin naye alikuwa ameinua uso, akaniona. Alinitazama kwa muda wa kumeza mate. Kisha akaweka manette chini, akapangusa mikono kwenye suruali.

"Ni miye," akasema.

"Afande," Mama Kavira akaingilia, kijiko kikidondosha mafuta, "huyu mutoto anatengenezaka tu bintu yangu. Hata jeu ya bunduki hachezake."

"Basi atatutengenezea na siye," komanda akasema kwa upole uleule. "Usihangaike, mama. Simama, Radi. Tunaenda."

Wote mle walijua Radi ni nani, na wote walinyamaza, na kwa muda mrefu nilijificha katika ukimya wao, nikijiambia kwamba tulikuwa kumi na tano. Haikuwa kweli. Wao walinyamaza kwa hofu. Mimi nilikuwa nimesema, na nilisema kwa njia ya watu wenye adabu. Faustin alivaa viatu vyake bila kuharakisha, akafunga kamba, akapita mbele yangu akatoka. Kulikuwa na gari la wazi nje na vijana wengine watatu ndani, wamelowa. Sikwenda mlangoni kuona likiondoka. Nililisikia likipanda kuelekea njia ya Rutshuru.

Mama Kavira aling'oa maboksi yote, moja baada ya jingine, akiacha misumari ukutani. Aliyakunja na kuyaingiza kwenye makala chini ya sufuria, na yaliwaka vizuri kwa sababu yalikuwa makavu. Wenzetu walikuwa wametawanyika. Maharagwe yalipochemka alinipakulia sahani, akaniwekea na beignet mbili, akakaa mbele yangu kwenye kibao. "Kula," akasema. Nilitumaini atanitukana. Alikuwa akinitazama tu kwa uso wa mtu aliyechoka. Nilikula. Nilimaliza sahani yote, kwa kuwa nilikuwa na njaa, na hilo nalo sijalisahau. Baadaye akajifunga kitenge kichwani akaniuliza: "Mama yake nitamuambia nini?" Yeye ndiye aliyekwenda kumwambia. Mimi nilimfuata mpaka kwenye ua wao, nikabaki nje, nyuma ya ukuta wa mawe, na nilipomsikia mama wa Faustin akianza kulia niliondoka haraka nikashuka upande wa ziwa.

Siku ya tatu nilirudi kwenye salle. Nilicheza. Watu walinipa zamu yangu kama kawaida, ila hakuna aliyeniita Radi tena, na hakuna aliyeniita kwa jina jingine. Walisema tu "weye pale". Niliacha jeu ya bunduki, nikawa mtu wa mpira, na nilijiambia kwamba ladha inabadilika. Nilijiambia mambo mengi mwaka ule. Nilijiambia kwamba Faustin ni fundi, watamweka kwenye karakana. Nilijiambia pia kwamba kwa kuwa nyumbani kwao wanasema Kinyarwanda, na baadhi ya wakubwa wa kikosi kile walikuwa wakikisema, watamtunza kama mtu wao. Katika maandishi haya yote hakuna sentensi ninayoona haya kuiandika kuliko hiyo. Mtu niliyekula naye sahani moja miaka kumi, siku niliyotaka kulala vizuri nilimfanya mtu wa kabila lake tu. Mtihani ukafanyika, nikafaulu, mama yangu akachinja kuku.

Alirudi siku chache kabla ya Noeli. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, tumeshaweka mezani fufu na samaki wadogo wa sambaza, mlango uko wazi, nikamwona amesimama kizingitini amevaa koti la mwanamke. Alikuwa amekimbia, amepita porini upande wa Rumangabo, siku nne. Sikio lake la kushoto lilikuwa halisikii. Mama yangu alimkumbatia, akamkalisha, akamwongezea chakula mara tatu, kisha akatoka kwenda kwa jirani kumtafutia shati, akatuacha wawili. Faustin alikula amezungusha mkono kwenye sahani. Alipomaliza aliisukuma mbele, akaweka mikono miwili mezani, akanitazama, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuanza habari ndefu. Nikaanza mimi. Nikamwambia Mama Kavira ameleta jeu mpya, ya kujenga mji, unaweka barabara, unaweka soko, unaweka maji. Nikamweleza makosa yake yote. Nikasema picha ni nzuri ila watu wake hawana nyuso. Nikamlinganishia na ile ya magari aliyokuwa akiipenda, nikataka kujua anaonaje. Nilizungumza mpaka termosi ya chai ikaisha, na kila alipofungua mdomo nilikuwa na hoja nyingine. Mwishowe alisimama. "Merci ya chakula," akasema. Juma lililofuata nikasikia amekwenda Bunagana kufanya kazi na mjomba wake anayepitisha bidhaa mpakani. Tangu hapo tumeonana kwenye arusi na misiba, tumeulizana watoto, tumekimbia mlima kwa mara ya pili, tumeona waasi wa majina mengine wakija na kuondoka na kuja. Hatukuwahi kulitaja.

Basi siku ya kilio cha Mama Kavira, wale watoto walipoitwa kula, nilisogea nikakaa upande wa sikio lake linalosikia. Kwaya ilikuwa bado inajipanga. Nikasema: "Faustin, ile siku ya afande. Nilikuonyesha."

"Nilikuona," akasema. "Nilikuwa na macho."

"Juu ya nini ulikubali?"

Akakuna goti. "Sababu nilikuonaka ukicheza. Ulikuwa unakimbiaka mbele bila kuangalia kando. Unakufa, unacheka, unaanza tena. Nikasema huyu wakimubeba, hatamaliza hata juma. Miye najuaka kukaa kimya ku kona."

Nimesikia watu wengi wakichambua jeu, na mimi mwenyewe nimelipwa kwa kazi hiyo, lakini sijawahi kusikia hukumu ya mchezaji iliyo sahihi kuliko ile. Alikuwa ameniangalia miezi mingi, msumari mkononi, akanipima, na siku ya siku akatumia kipimo chake kwa faida yangu. Machozi yalinijia, na kwenye msiba hakuna anayeshangaa machozi. Nikamwambia anisamehe.

"Ya kidevu iliisha njiani, hata Kibumba tulikuwa hatujafika," alisema. "Ile yenye ilinikaa ni ya Noeli. Kwetu sikuendaka kwanza. Nilikuya kwenu. Nilisema nitakuambia weye mbele, kisha nitajua namna ya kumuambia mama. Ukaniongelesha jeu."

Sikujua. Miaka yote hiyo nilidhani alikuwa ametoka kwao, ameshaitua huzuni yake kwa mama yake, amekuja kunitazama tu usoni. Nikamwambia: "Niambie leo. Tutoke hapa, tukae mahali, uniambie yote."

Akatikisa kichwa, bila hasira. "Sasa haiko tena. Nilikungojea, nikaona miaka inaenda, nikaambia bibi yangu, mama ya batoto. Siku moja, yote, mpaka mwisho. Sitairudilia." Akanigusa bega, akasimama, akaenda kusaidia vijana kusogeza viti vya kwaya.

Kwa hiyo sijui alilala wapi siku ile ya kwanza, wala usikivu wa sikio lake ulipotelea wapi, wala kama alimfyatulia mtu. Mkewe anajua. Alikuwa ameketi na akina mama upande wa pili wa turubai, mwanamke mnene mwenye miwani, ana bakuli la karanga mapajani, na kila alipoinua macho kunielekea nilitazama viatu vyangu.